Sura ya Sita: Jike Hukaa Upande wa Moto

Mkuu wa upelelezi alikuwa na haraka ya kufunga jalada, na mtu mwenye haraka ya kufunga jalada hana tofauti na mtu mwenye haraka ya kufunga sanduku la safari: kinachochomoza nje anakisukuma ndani kwa goti.

"Mzee amekiri," alimwambia Inspekta. "Amekiri mwenyewe, hakuguswa hata ukosi wa shati. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini alifanya."

"Lo! Si waligombana? Dereva wa teksi kapeleka gari lake lifungwe geji ya oili. Kazi ikachelewa. Dereva akamwita mzee wa watu kizee mbele ya mtaa mzima. Mzee akamwambia atakiona cha mtema kuni. Gari likatoka gereji, halikukaa sana, likawaka moto mwenyewe akiwa ndani. Hapo fumbo liko wapi, dada yangu?"

Mezani palikuwa na sinia la bati, na ndani yake yale yaliyookolewa chini ya dashibodi ya teksi: geji, kile kipimo chenye mshale, kioo kimepasuka, vipande vya nyaya vilivyobaki na ganda kidogo, fyuzi moja nzima, na konekta nne ndogo za shaba, mbili dume na mbili jike.

Kwa asiyejua mambo ya gereji, na Mkuu mwenyewe alikuwa hajui mpaka juzi, konekta dume ni ulimi wa shaba ulio uchi. Jike ni kifuko cha shaba kilichovikwa plastiki. Ulimi ukiingia kwenye kifuko, nyaya mbili zimeungana. Lakini gari linatikisika, na vitu hivyo siku nyingine huachana. Waya unaotoka betri, mafundi wanauita waya wa moto, ukiwa na jike, utaning'inia pale na plastiki yake na hakuna atakayejua. Ukiwa na dume, ule ulimi uchi utagusa chuma, na hapo ndipo cheche zinapoanza. Kwa hiyo fundi mwenye akili zake huweka jike upande wa moto na fyuzi kwenye waya huo huo. Dume analipeleka kwenye geji.

Mkuu alihesabu kwa vidole. "Waya wa betri ulikuwa na dume. Moja. Fyuzi ilikuwa kwenye waya unaorudi bodi, kwenye chuma cha gari, ambako haimlindi mtu. Mbili. Waya mweusi ndio uliofungwa betri, na mwekundu ukaenda bodi. Tatu. Mtu akikosea kwa bahati mbaya hukosea mara moja. Huyu kageuza vyote vitatu kwa mpangilio. Huo ni mtego. Na wala hatusemi habari za fundi wa kubahatisha, huyu ni Mzee Mshale! Nusu ya mafundi wa magari mjini hapa wamepita mikononi mwake."

Sifa ya mzee ndiyo iliyokuwa inamfunga kamba. Angekuwa fundi mbovu wangesema uzembe, wangemtoza faini, wangemkaripia, angerudi nyumbani kwake kulala. Lakini kutega moto ni jela, na kwa umri wake asingetoka humo akitembea. Mwendesha mashtaka alilitaka jalada kesho asubuhi; mpaka hapo, kwa heshima ya umri, mzee aliachwa kwake kwa dhamana.

Inspekta alifungua ukurasa wa maelezo ya mzee. Yalikuwa mafupi: kazi ni yangu, sikusaidiwa na mtu, nilifanya makusudi. Chini yake, badala ya saini, alama ya kidole gumba.

"Kwa nini dole gumba? Mzee huyu anajua kuandika. Nimemwona akiandika."

"Alisema mkono una grisi. Sasa na grisi nayo ni fumbo?"

"Nilikwambia kwamba namjua."

"Mji mzima unamjua," alisema Mkuu. "Nenda. Lakini kesho asubuhi nalipeleka jalada, hata ukipata nini huko."

Inspekta alimjua kwa njia yake. Marehemu baba yake alikuwa na gari lililoitwa Kobe, na jina lilitosha kueleza mwendo wake. Chini ya dashibodi ya Kobe, Mzee Mshale alifunga geji tatu kwenye kipande cha bati: ya oili, ya joto na ya chaji. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi nzima. Baba alitaka iishe haraka, fundi alitaka iishe vizuri, na wawili hao walibishana juu ya sinia la konekta huku redio ikiimba na moshi wa risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ukiwapanda puani. Msichana mdogo aliyekaa juu ya tairi la spea aliambiwa kanuni siku ile: jike hukaa upande wa moto. Akaulizwa. Akajibu. Akapewa peremende.

Tangu hapo kujibu ikawa kazi yake. Kobe akiwa njiani, baba hakuondoa macho barabarani, alimuuliza tu binti yake aliyekaa pembeni.

"Mshale wa oili?"

"Umesimama, baba."

"Sawa. Na siku ukilala, useme umelala. Usinifurahishe kwa uongo, tutaunguza injini."

Baba alikufa, Kobe akauzwa chuma chakavu, na siku walipokuja kumchukua Kobe, Inspekta aliingia chini ya dashibodi na bisibisi akazitoa geji zote tatu. Zilikuwa kabatini kwake mpaka leo, ndani ya soksi ya baba. Kabla ya kutoka nyumbani mchana ule alichukua ile ya oili akaitia kwenye mfuko wa karatasi. Alimkumbuka baba yake, akaenda hospitali.

Dereva wa teksi alikuwa ameketi kitandani, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwiko. Dada yake alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko.

"Vidole vitapona?" Inspekta aliuliza.

"Daktari anasema vitapona, ila polepole. Usukani ndio sijui." Dereva alimeza chai. "Inspekta, mdomo wangu hauna breki, nakubali. Nilimwita kizee. Lakini ndiyo anichome kama hindi?"

"Ulimwita kizee kwa sababu gani?"

"Gari nililipeleka asubuhi. Kazi ya geji moja! Narudi mchana, amekaa. Narudi jioni, amekaa bado, ananiambia nisubiri kesho kutwa. Nikamuuliza anasubiri nini, hasemi. Ndipo nikafoka. Na yeye akafoka. Kisha akanyanyuka kwa hasira akasema, leta gari, nalifunga sasa hivi."

"Ukawepo anapofunga?"

"Nilikaa naye mpaka mwisho. Alifunga chini ya dashibodi, akaenda mbele kwenye betri, akarudi. Nikawasha. Mshale haukwenda popote. Nikamwambia mshale umelala. Akasema basi nimechanganya kule betri. Akaenda akabadilisha zile ncha mbili, ya kwenye betri akaipeleka bodi, ya kwenye bodi akaipeleka betri. Akarudi akakaa kiti cha pembeni, akainamisha uso mpaka karibu na geji, shibiri moja tu. Nikawasha. Akaniuliza, umepanda?"

"Akakuuliza wewe?"

"Mimi. Na geji iko mbele ya pua yake! Nikadhani ananikejeli. Nikamwambia umepanda. Akacheka, akasema haya, nenda."

"Hukuliangalia dume liko upande gani?"

"Mimi? Mimi najua usukani na honi."

"Honi unaijua sana," alisema dada yake, akamtia kijiko kingine.

Baada ya siku ile gari lilifunguliwa na mtu mwingine? Dereva aliapa halikufunguliwa. Lakini usiku alililaza nje, karibu na duka la spea, na mwenye duka ndiye aliyemuuzia hiyo geji. Inspekta aliposikia hivyo aliona mlango. Mwenye duka huyo alikuwa mwanafunzi wa Mzee Mshale zamani, wakaachana kwa maneno makali, na kila mtu alijua kwamba anakitaka kile kiwanja cha gereji ili apanue duka.

Duka lilikuwa limejaa mpaka darini. Mikanda ya feni ilining'inia, taa za breki zilipangwa, na kwenye kaunta kulikuwa na sanduku la vyumba vingi lenye konekta za kila namna. Zenye plastiki nyekundu zilikuwa za waya mwembamba, za bluu za waya wa kati, na za njano za waya mnene. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye miwani juu ya paji la uso. Inspekta aliweka mezani kifuko chenye konekta zilizoungua akasema moja kwa moja.

"Wewe ulikuwa na sababu na ulikuwa na nafasi. Gari lililala hapo nje."

Mwenye duka alimtazama, akaingiza mkono chini ya kaunta, akamwaga mbele yake vibanio vidogo vya plastiki vyenye meno ya chuma ndani.

"Ningekuwa mimi, ungekuta hivi. Hivi humenyi waya, hukunji chochote. Unaweka nyaya mbili, unabana, meno yanauma, kazi imekwisha. Mzee akiviona anatema mate. Ndivyo tulivyoachana mimi na yeye, Inspekta, kwa ajili ya hivi. Alinambia hakuniachia ufundi ili niwe mwuma waya."

"Ni vibaya?"

"Kwa gari linalokaa nyumbani siyo vibaya. Kwenye mtikisiko vinalegea, maji yanaingia, shaba inaota kutu. Mzee alikuwa na haki, lakini wateja wana haraka." Alishusha miwani, akaichukua konekta moja iliyoungua akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Aa. Unaona hapa? Waya umekunjwa ukarudi wenyewe kabla ya kuingia, ili ushike. Halafu umebanwa sehemu mbili: hapa imebanwa shaba, hapa limebanwa ganda. Nilikula makofi mengi kwa ajili ya mkunjo huu. Ni mkono wake, Inspekta. Hakuna mwingine anayejisumbua hivi."

"Una hakika?"

"Nilitamani uniambie siyo yeye," alisema, na sauti ikamkatika. Alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia kaunta, ukabaki na doa jeusi. "Yule ni baba yangu kwenye kazi. Kiwanja nakitaka, sikatai, lakini siyo kwa njia hiyo."

Mlango ule ukafungwa. Inspekta alikuwa amekuja na mshukiwa, akabaki na mtu mzima anayelia. Akamwacha atulie, akauliza la mwisho.

"Bado ananunua konekta kwako?"

"Kwangu tu, ingawa hanisalimii. Lakini amekuwa na vituko. Zamani alisimama hapo anasema nipe nyekundu, nipe bluu, nipe njano. Siku hizi hataji rangi hata kidogo. Anatia mkono kwenye sanduku, anapapasa, anauma kwa jino, hii anaiacha, hii anaichukua. Na hakosei! Iliyopasuka mshono anaitupa, shaba nyepesi anaitupa. Nilidhani ni mbwembwe za uzee."

Inspekta alinunua geji mpya ya oili, ile ile aina ya teksi, yenye nyaya zake mbili nyembamba nyuma, mwekundu na mweusi. Akaondoka bila kusema aliinunua kwa nini. Kusema kweli alikuwa hajaamua kujua.

Gereji ilikuwa vile vile. Hilo ndilo lililomuuma. Paa la bati, meza ndefu yenye alama za moto wa kulehemu, makopo ya konekta yamepangwa mstari mmoja, na tairi la spea liko pale pale ukutani kana kwamba linamsubiri aje akae tena. Ni redio tu iliyokuwa kimya. Mke wa fundi alikuwa anafagia mlangoni, na alipomwona Inspekta alipaza sauti kuelekea ndani.

"Baba watoto! Yule binti wa Kobe amekuja! Amevaa koti la kijivu, amebeba mfuko wa karatasi mkono wa kushoto!"

"Mama, mbona unanitangaza kama bidhaa?" Inspekta alicheka.

"Ndiyo mazoea yetu, mwanangu. Pita."

Mzee Mshale alikuwa ameketi nyuma ya meza, shati limepigwa pasi, mikono imetulia juu ya mbao. Alinyanyua uso ulipomfikia mlio wa viatu. Mafundi wenziwe walimpa jina hilo zamani, kwa sababu hakuna geji iliyotoka mkononi mwake ikadanganya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa Kobe. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kutazama."

"Yaliyobaki ya kutazama ni machache. Nilishasema. Nilimtega. Alinitukana, nikamtega."

"Baba, wewe hujawahi kumtega hata panya."

"Watu hubadilika."

Inspekta alitembea kando ya meza kama afanyavyo mpelelezi, mikono nyuma, akitazama kila kitu bila kugusa. Ukutani kulikuwa na mizinga ya waya uliozungushwa imetundikwa kwenye misumari, mweusi, mwekundu, mweusi, mwekundu. Kwenye ncha ya kila waya mwekundu kulikuwa na kifundo cha uzi wa kushonea, uzi mweupe wa nyumbani. Kwenye nyeusi hakuna.

"Mama, uzi huu wa nini?"

Mke wa fundi alisimamisha ufagio. "Urembo tu."

"Urembo kwenye waya?"

"Mwanangu, kila mtu na nyumba yake."

Inspekta alirudi mezani, akaitoa geji ya baba yake kwenye mfuko, akaisukuma polepole mpaka ikagusa vidole vya mzee.

Vidole vilishtuka, kisha vikaanza kuizunguka. Vilipita kwenye kioo, vikasimama penye mkwaruzo mmoja, vikarudi.

"Ya oili," alisema mzee. "Hapa baba yako aliipiga kwa ufunguo siku mshale uliponata. Nikamgombeza. Nikamwambia, bwana, hivi mkeo akinyamaza unampiga ufunguo? Alicheka mpaka akakaa chini." Vidole vilishuka kwenye mkia wa nyaya. "Dume. Umekunjwa vizuri. Umebanwa shaba, umebanwa ganda. Mpaka leo, binti wa Kobe! Watu wananunua magari mapya yanachakaa, konekta yangu ipo." Mzee alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na hakuyaficha. "Siku zile. Unakumbuka siku zile?"

"Nakumbuka. Nilikaa pale kwenye tairi."

"Ulikuwa na gauni la njano."

"Ndiyo, baba."

Inspekta aliona vigumu kuendelea. Akaendelea, kwa sababu kesho asubuhi haikuwa mbali. Aliweka mezani ile geji mpya.

"Nifungie hii kwenye gari langu. Nataka konekta zako, siyo vibanio."

Mzee aliuma midomo, halafu kazi ikamshika. Aliupima unene wa nyaya kati ya kidole gumba na cha shahada, akanyoosha mkono kwenye kopo la tatu bila kutafuta, akapapasa konekta moja baada ya nyingine. Moja aliitupa pembeni. "Mshono umefunguka." Ya pili aliiuma. "Bati tupu, shaba hakuna." Ya tatu na ya nne akaziweka mbele yake, dume na jike. Ilikuwa raha kumtazama, na Inspekta akajikuta anatabasamu mwenyewe.

"Haya," alisema mzee. "Dume linakwenda kwenye waya wa moto wa geji."

Alizishika nyaya mbili nyembamba, moja kila mkono. Vidole vikateremka mpaka kwenye ncha, vikapanda, vikateremka tena. Vilikuwa vinatafuta kifundo cha uzi. Havikukipata kwenye waya huu, havikukipata kwenye waya ule.

"Hapa pamekuwa giza," alisema. "Jua limekwenda wapi?"

Jua lilikuwa limejaa meza nzima. Lilikuwa juu ya mikono yake, juu ya makopo, juu ya shati lake jeupe. Mlangoni ufagio ulianguka.

Inspekta alivuta kigoda akaketi karibu naye. "Baba, ni tangu lini?"

Mkewe ndiye aliyejibu, huku akija na kujifuta mikono kwenye kanga. "Presha ya macho. Ilianza pembeni, ikawa inamla taratibu. Tulipokwenda kwa daktari akasema tumechelewa, kilichokwenda hakirudi. Mzee akanikataza kumwambia mtu. Nikawa namfungia uzi kwenye waya mwekundu, kila mzinga, kila geji inayoingia. Nampigia kelele nani amekuja na amevaa nini, asimwamkie mwanamke kwa jina la mwanamume."

"Na siku ya teksi?"

"Sikuwepo. Binti yetu alijifungua, nilikwenda kumlea. Nilimwambia asiguse kazi mpaka nirudi."

"Nilisubiri," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Nilimwambia yule kijana asubiri kesho kutwa. Akasema mbele za watu kwamba nimekwisha. Nikasema, nitamwonyesha kama nimekwisha."

Hapo Inspekta alizichukua zile nyaya mbili mikononi mwake, akazungumza polepole, kwa mzee na kwa jalada lililokuwa likimsubiri. "Waya wa kwenye mzinga ulikuwa na uzi wa mama. Kwa hiyo mwekundu ulipata jike na fyuzi, sawasawa kabisa. Lakini geji ilikuwa mpya, nyaya zake hazikuwa na uzi. Ukazichanganya, dume likaenda kwenye mweusi wa geji. Dereva akawasha, mshale ukalala. Na wewe ukadhani umekosea kule betri, ambako ncha zimekatwa na uzi haupo. Ukabadilisha ncha. Mshale ukapanda. Lakini sasa fyuzi na jike vikabaki upande wa bodi, na dume likabaki na moto."

Mzee alikuwa amefumba macho akifuata kila waya kichwani. Alipofika mwisho akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe! Kumbe ndivyo! Siku zote hizi najiuliza niliuacha moto wapi. Nilijua ni mimi, lakini sikujua vipi."

"Kosa moja, baba. Mkuu wangu anahesabu matatu, lakini lilikuwa moja. Nitalipeleka hivyo, na kutega hakuna."

"Usipeleke."

"Vipi?"

"Andika nilimtega." Aliushika mkono wa Inspekta kwa nguvu isiyotarajiwa. "Binti wa Kobe, nakuomba. Nikienda jela, nakwenda mimi Mzee Mshale. Watasema alikuwa mkali, alikuwa na kisasi, lakini mkono wake ulikuwa mkono. Ukiandika hili, kila gari nililofunga watalifungua walichunguze. Watasema kipofu ndiye aliyekuwa akitufungia. Niachie jina langu."

"Na mimi uniachie nini?" Mkewe alikuwa amesimama juu yao, na sauti haikuwa ya mtu anayeomba. "Nimekuwa macho yako, nikawa mpiga mbiu wako, nimefunga uzi mpaka vidole vikaota sugu. Sijasema. Leo unataka kwenda kulala jela ili mtaa usijue ninachokijua mimi kila asubuhi nikikutafutia kiatu? Jina! Nani atalala na jina humu ndani, mimi?"

Mzee aliuachia mkono wa Inspekta. Akaichezea konekta dume kwa kidole, anaisukuma, anairudisha.

"Yule kijana," alisema hatimaye. "Mikono yake?"

"Itapona polepole. Hajui kama atashika usukani tena. Na anaamini ulimchoma kwa kusudi, baba. Hilo linamuuma kuliko bendeji."

Mzee Mshale alishusha kichwa. "Hapo umenifunga," alisema. Kisha akanyoosha kiganja wazi juu ya meza. "Andika. Andika yote."

Inspekta aliandika, akasoma kwa sauti, mzee akasahihisha mahali pamoja palipoandikwa plagi badala ya konekta. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho bila kukaa. Ilipokwisha, Inspekta alitoa kidau cha wino wa dole gumba, akakiweka mezani, akakifungua.

"Hapana," alisema mzee aliposikia kifuniko. "Yale maelezo yalikuwa ya uongo, yalitosha dole gumba. Nipe kalamu." Akangoja. Kisha akasema maneno ambayo mkewe hakuwahi kumsikia akimwambia mtu wa nje. "Nishike mkono, mwanangu. Nionyeshe pa kuanzia."

Inspekta aliushika ule mkono, mgumu, wenye makovu ya risasi ya kulehemu, akauweka mwanzo wa mstari. Mzee aliandika jina lake lote, refu, kwa herufi za kulala za shule ya zamani, asiache hata moja. Kalamu ilianza vizuri, ikafika katikati, ikaanza kupanda, na herufi za mwisho zilitoka nje ya karatasi zikamalizikia kwenye mbao za meza.

"Imekaa kwenye mstari?" aliuliza.

Mkewe alimtazama Inspekta na kumkonyeza akubali. Inspekta alitazama lile tairi la spea ukutani.

"Imelala mwishoni, baba. Imeingia mezani."

Mzee Mshale alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, cheko la zamani, la siku za redio na moshi wa risasi.

"Vizuri," alisema. "Kobe alikulea."